Malimbikizo ya askari wa Marekani: tarehe moja hubeba maelfu ya dola

MFANYABIASHARA anayevuka Busia, Mutukula, Namanga au Rusumo hahitaji kufundishwa thamani ya tarehe kwenye karatasi. Mhuri wa jana na mhuri wa leo ndio tofauti ya mzigo uliopita na mzigo uliolala. Marekani kuna ofisi ya serikali ambayo nayo huendesha mambo yake kwa tarehe kiasi hicho hicho, na maamuzi yake huzigusa familia za ukanda huu zilizo na ndugu waliotumikia jeshi la nchi hiyo. Ni Idara ya Maveterani, ambayo wengi huiita kwa herufi mbili tu: VA.

Vijana kutoka Afrika Mashariki wameingia katika jeshi la Marekani kwa njia zaidi ya moja. Mwenye ukaazi wa kudumu, maarufu kama grini kadi, anaruhusiwa kujiunga hata kabla hajawa raia. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 ulikuwapo pia mpango ulioitwa MAVNI, uliowachukua wageni wasio na ukaazi wa kudumu iwapo walikuwa madaktari, wauguzi au wasemaji wa lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Kwa hiyo si ajabu leo kumkuta mama Kisumu, Mwanza au Bukavu ambaye mtaji wa duka lake ulitoka kwa mwana aliyerudi kutoka Afghanistan akiwa na goti bovu na masikio yanayovuma usiku kucha.

Veterani wa namna hiyo hulipwa fidia kila mwezi. Mara nyingine, baada ya miaka ya kulipwa kidogo, hupokea ghafla fedha nyingi kwa mkupuo. Nyumbani minong'ono huanza: ameshinda bahati nasibu? Ameuza nyumba? Kumbe ni malimbikizo. Kiwango cha ulemavu wake kimepandishwa, na serikali inamlipa tofauti ya miezi iliyopita tangu tarehe inayokubalika kisheria. Fedha hizo huwa nyingi au chache kutegemea tarehe hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Asilimia zisizojumlishwa

VA humpima askari wa zamani na kumpa kiwango cha ulemavu kinachotokana na utumishi wake, kutoka sifuri hadi asilimia 100, kwa kuruka makumi. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Desemba 2024, veterani asiye na mke wala watoto alilipwa dola 175.51 kwa mwezi akiwa na asilimia 10, dola 537.42 kwa asilimia 30, dola 1,102.04 kwa asilimia 50 na dola 1,759.19 kwa asilimia 70. Kutoka asilimia 90 hadi 100 ngazi ilikuwa ndefu kuliko zote: dola 2,297.96 zilikuwa 3,831.30. Viwango hivyo hurekebishwa kila mwaka kufuatana na kupanda kwa gharama za maisha, na fedha yenyewe haitozwi kodi ya mapato na serikali ya Marekani.

Hesabu ya kuunganisha maradhi kadhaa ingemfanya mwenye duka acheke. Veterani mwenye asilimia 50 kwa mgongo na 30 kwa goti hapewi 80. VA huanza na mtu mzima wa asilimia 100, ikaondoa 50 za mgongo. Anabaki nusu mtu. Kisha goti linachukua asilimia 30 ya nusu hiyo, yaani 15. Jumla inakuwa 65, nayo husogezwa hadi kumi la karibu, yaani 70. Akija kuongezewa asilimia 10 kwa masikio, hesabu inafika 69, ambayo nayo ni 70 ile ile. Barua itasema dai lake limekubaliwa, lakini mfukoni haliingii hata senti moja ya nyongeza, wala hakuna malimbikizo. Wapo wanaodhani wameibiwa, ilhali jedwali la sheria ndilo lililosema hivyo.

Siku dai lilipopokelewa

Kanuni ya msingi ni fupi. Kiwango kipya huanza siku VA ilipopokea dai, au siku ulemavu ulipofikia kiwango hicho, na kati ya hizo mbili huchukuliwa iliyo ya baadaye. Mtu anaweza kuwa ameumia kwa miaka kumi huku akivumilia na kumeza dawa za kutuliza maumivu. Kama hakudai, miaka hiyo kumi hailipwi.

Kwa anayeomba nyongeza, sheria imeacha mlango mmoja wazi. Iwapo kumbukumbu za hospitali zinaonyesha kwamba hali ilizidi kuwa mbaya ndani ya mwaka mmoja kabla ya dai kufika, tarehe hurudishwa nyuma hadi siku ile kuzidi kwa ugonjwa kulipoonekana. Ndani ya mwaka mmoja tu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikata mzizi wa fitina: kama hali ilizidi zaidi ya mwaka kabla ya dai, mlango huo haupo, na kinachohesabika ni siku ya dai.

Mfano utasaidia. Chukua veterani asiye na wategemezi, anayelipwa kwa asilimia 30. Tarehe 9 Mei 2023 daktari anaandika kwenye faili lake kwamba mgongo umeharibika kwa kiasi kinachostahili kumfikisha asilimia 70. Veterani huyo anapeleka dai la nyongeza tarehe 20 Oktoba 2023. Uamuzi unatoka mwishoni mwa Machi 2025, na unamkubalia asilimia 70.

Kwa kuwa dai lilifika kabla ya mwaka kupita, tarehe yake inarudi hadi 9 Mei 2023. Malipo huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, yaani 1 Juni 2023. Kuanzia Juni hadi Novemba mwaka huo, tofauti kati ya asilimia 30 na 70 ilikuwa dola 1,155.01 kwa mwezi, kwa hiyo miezi sita inatoa dola 6,930.06. Kuanzia Desemba 2023 viwango vilipanda na tofauti ikawa dola 1,191.97; miezi 12 inatoa dola 14,303.64. Kuanzia Desemba 2024 tofauti ni dola 1,221.77, na miezi minne hadi mwisho wa Machi inatoa dola 4,887.08. Jumla ni dola 26,120.78.

Sasa tuseme kumbukumbu ya daktari haikuwamo kwenye faili, labda kwa sababu alitibiwa hospitali binafsi na hakuna aliyeomba nakala. Tarehe inabaki ya dai, malipo yanaanza 1 Novemba 2023, na anapoteza miezi mitano, yaani dola 5,775.05. Karatasi moja tu.

Hali mbaya zaidi ni ya yule aliyechelewa. Kama angengoja hadi 20 Oktoba 2024, zaidi ya mwaka ungekuwa umepita tangu mgongo uharibike. Angelipwa kuanzia 1 Novemba 2024: dola 1,191.97 za mwezi huo na dola 4,887.08 za miezi minne iliyofuata, jumla dola 6,079.05. Ugonjwa ni ule ule, daktari yule yule, asilimia ile ile. Zilizopotea ni dola 20,041.73, na hakuna ofisi itakayozirudisha.

Tena, kwa kuwa malipo huanza mwezi unaofuata, dai linalopokelewa 31 Mei hulipa kuanzia 1 Juni, na linalopokelewa 1 Juni hulipa kuanzia 1 Julai. Siku moja hula mwezi mzima. Malimbikizo pia hayana riba, hata yakikaa miaka mitano. Mfanyabiashara aliyewahi kumkopesha mtu mali kwa mwaka mzima na kurudishiwa bei ile ile anaelewa maana yake.

Kwa sababu hizi VA imeweka karatasi ndogo ya kushikilia nafasi, inayoitwa taarifa ya nia ya kudai, Fomu 21-0966. Inaweza kufanywa hata kwa simu au kwa kuanza dai kwenye mtandao. Tarehe ya taarifa hiyo hulindwa kwa mwaka mmoja, muda wa kukusanya vyeti vya hospitali na maelezo ya mashahidi. Dai kamili likiingia ndani ya mwaka huo, huhesabiwa kana kwamba lilifika siku ile ya taarifa. Mwaka ukipita bila dai, nafasi hufutika.

Dai likishapokelewa, mara nyingi VA humwita veterani kwa uchunguzi wa daktari iliyemteua. Kutofika bila sababu ya msingi kunaweza kuliua dai la nyongeza palepale. Wanaorudi nyumbani kwa miezi mitatu au minne, kwa harusi, matanga au kujenga, hujikuta barua imetupwa kwenye sanduku la posta huko Texas au Minnesota huku wao wakiwa Moshi. Kuishi nje ya Marekani hakumnyimi veterani fidia yake, lakini anwani ya zamani inaweza kumnyima.

Liko jambo jingine ambalo washauri wa vijiweni hawalisemi. Anayeomba nyongeza anaialika VA ilifungue faili lake, na faili likifunguliwa kiwango kinaweza kupanda, kubaki au kushuka. Sheria ina kinga zake: kiwango kilichodumu miaka mitano au zaidi hakishushwi kwa uchunguzi mmoja tu wa juujuu, na kilichodumu miaka 20 hakishushwi tena isipokuwa kwa udanganyifu. Aliyepimwa juzi hana kinga hizo.

Kamba isikatike

Wengi hukataliwa mara ya kwanza, au hupewa kidogo. Tangu tarehe 19 Februari 2019, mfumo mpya wa rufaa unampa veterani njia tatu. Anaweza kupeleka dai la nyongeza ya ushahidi, likiwa na jambo jipya lenye uzito. Anaweza kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie upya ushahidi ule ule. Au anaweza kwenda Bodi ya Rufaa za Maveterani, mbele ya jaji.

Njia yoyote kati ya hizo ikichukuliwa ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi, tarehe ya kwanza ya dai hubaki hai. Akikataliwa tena, ana mwaka mwingine, na mwingine. Dai la 2020 linaweza kushinda mwaka 2025 na malimbikizo yakahesabiwa tangu 2020, mradi kamba haikukatika hata mara moja. Ikikatika, yaani mwaka ukapita bila hatua, anaweza kurudi na ushahidi mpya na hata kushinda, ila tarehe itakuwa ya siku aliporudi.

Ipo njia ya kuufufua uamuzi uliokufa: kuthibitisha kwamba VA ilifanya kosa la wazi lisilopingika kwa sheria na ushahidi wa wakati ule. Akifaulu, malimbikizo hurudi hadi tarehe ya uamuzi wenye kosa, hata kama ni miaka 30. Lakini mlango huo ni mwembamba. Kutokubaliana na jinsi VA ilivyoupima ushahidi hakutoshi, na wengi wanaojaribu hurudi mikono mitupu.

Uamuzi unaweza pia kuja kwa vipande. VA inaweza kusema ulemavu ulikuwa asilimia 40 hadi tarehe fulani, kisha 70 kuanzia hapo. Hapo malimbikizo huhesabiwa kila kipindi kwa kiwango chake, na ndiyo sababu maveterani wawili waliodai siku moja na kufikia asilimia moja hawapati kiasi sawa.

Moshi wa Somalia na Djibouti

Tarehe 10 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya PACT, ambayo kwa majirani wa Pembe ya Afrika ina uzito wa pekee. Katika kambi za jeshi, takataka za kila aina zilichomwa kwenye mashimo ya wazi, na waliokuwapo walivuta moshi wake mchana na usiku. Kabla ya hapo veterani alitakiwa kuthibitisha kwamba maradhi ya mapafu au saratani yake yalitokana na moshi huo, jambo gumu kama kukamata upepo. Sheria mpya inayachukulia maradhi kadhaa kuwa yametokana na utumishi, mradi veterani alihudumu mahali palipotajwa. Somalia imo, kwa waliohudumu tangu 2 Agosti 1990, pamoja na Oman, Kuwait, Iraq na nchi nyingine za Ghuba. Djibouti imo kwa waliohudumu tangu 11 Septemba 2001, sawa na Afghanistan na Yemen.

Waliodai mapema walipewa zawadi ya tarehe: dai lililofika ndani ya mwaka wa kwanza liliweza kulipwa kurudi hadi siku ya kutiwa saini. Mwisho ulikuwa 9 Agosti 2023, ukasogezwa hadi 14 Agosti baada ya mtandao wa VA kuzidiwa na waombaji wa dakika za mwisho. Kudai chini ya sheria hiyo bado kunaruhusiwa, lakini kwa waliofika baadaye zawadi hiyo imekwisha.

Mke, watoto na wazazi walio nyumbani

Hapa ndipo familia za ukanda huu hupoteza fedha bila kujua. Veterani akifikia asilimia 30, VA humwongezea kila mwezi kwa ajili ya mke au mume, watoto, na hata wazazi anaowategemeza, iwapo kipato cha wazazi hao ni kidogo kiasi kinachokubalika. Chini ya asilimia 30 hakuna nyongeza. Kwa hiyo aliyetoka asilimia 20 hadi 40 amefungua mlango ambao haukuwapo. Akiwaandikisha wategemezi ndani ya mwaka mmoja tangu alipoarifiwa kiwango kipya, nyongeza yao nayo hurudi hadi tarehe ya kiwango hicho, kama tayari walikuwa wategemezi wakati huo. Akichelewa, hulipwa tangu alipoarifu.

Kazi kubwa ni vyeti. Ndoa iliyofungwa Arusha au Kampala hupimwa kwa sheria ya mahali walikoishi wakati wa kuoana, au walikoishi haki ya malipo ilipoanza. Ndoa ya kimila au ya Kiislamu inayotambuliwa na sheria ya hapo haitupwi kwa kuwa tu haikufungwa kanisani au bomani. Ila lazima ithibitike. Mke aliye kijijini bila cheti chochote, na mtoto aliyezaliwa nyumbani bila kuandikishwa, ni miezi ya kuzunguka kati ya ofisi ya kata na ya wilaya huku mwaka wa VA unakwenda. Majina nayo husumbua. Aliyeandikwa jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa na jina la babu kwenye pasipoti atahitaji kiapo cha kueleza kwamba ni mtu mmoja.

Upande wa pili ni talaka. Veterani asiyearifu kwamba ndoa imevunjika huendelea kulipwa ziada, na siku VA inapogundua humdai kila dola. Deni hilo hukatwa kwenye fidia yake ya kila mwezi, na wakati mwingine humeza malimbikizo yote aliyokuwa akiyasubiri. Walioachishwa jeshi kwa malipo ya kuagwa nao hushangaa: kwa kawaida VA huyakata malipo hayo kwanza kabla ya kumpa mtu fidia.

Veterani akifariki huku dai lake likiwa bado mezani, malimbikizo hayafi naye. Mjane au mgane ndiye wa kwanza kuyadai, kisha watoto, kisha wazazi waliokuwa wakimtegemea. Muda ni mwaka mmoja tangu siku ya kifo, na mwaka huo hausimami kwa ajili ya matanga, vikao vya ukoo wala ugomvi wa nani mke halali. Kama kifo kilitokana na maradhi ya utumishi, mjane anaweza pia kustahili malipo yake ya kila mwezi, ambayo ni haki nyingine tofauti.

Wanaokula kwa jasho la wengine

Penye malimbikizo hapakosi madalali. Vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa, kama American Legion, DAV na VFW, huandaa madai bure. Mawakili na mawakala walioidhinishwa na VA wanaruhusiwa kulipwa, lakini tu kwa kazi ya baada ya uamuzi wa kwanza. Ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki, na inayozidi theluthi moja huchukuliwa kuwa ya kupindukia hadi wakili athibitishe vinginevyo. Katika mpango wa asilimia 20, VA yenyewe inaweza kukata ada hiyo na kumlipa wakili moja kwa moja.

Nje ya hao yako makampuni yasiyo na idhini, yanayoahidi kumpandisha mtu hadi asilimia 100 na kudai mara kadhaa ya nyongeza ya mwezi. Sheria inakataza, lakini adhabu ya jinai iliondolewa mwaka 2006, na tangu hapo katazo hilo limebaki simba asiye na meno. Bunge la Marekani limelijadili mara nyingi bila kulifikisha mwisho.

Huku kwetu utapeli huvaa nguo nyingine: ujumbe wa simu kwamba malimbikizo ya ndugu yako askari "yamekwama" na yanahitaji ada ya kuyakomboa. VA haitozi ada ya kuachilia malimbikizo. Huyaingiza kwenye akaunti ya veterani mwenyewe, si kwa shemeji wala kwa wakala wa mpakani. Na akitaka kuyatuma nyumbani, ajue kwamba kuanzia 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje zikilipiwa kwa noti taslimu au hundi ya aina ya taslimu. Zinazotoka kwenye akaunti ya benki au kadi ya benki ya nchi hiyo hazitozwi.

Walinzi wa Uganda na sheria ya 1941

Wapo watu wengi zaidi wa ukanda huu waliovaa fulana za kuzuia risasi kwa ajili ya Marekani bila kuwa askari wake. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, maelfu ya Waganda, wengi wao askari na polisi wa zamani, pamoja na Wakenya, waliajiriwa na makampuni binafsi kulinda kambi za Wamarekani Iraq na baadaye Afghanistan. Hao si maveterani, na VA haiwahusu hata kidogo. Anayewaambia wajaze fomu za VA kwa ada anawaibia.

Kinachowahusu ni sheria ya mwaka 1941 inayojulikana kama Defense Base Act. Inamlazimu kila mwenye mkataba wa serikali ya Marekani ng'ambo kuwakatia bima wafanyakazi wake, wawe raia wa nchi gani. Aliyeumia asiweze kufanya kazi hulipwa theluthi mbili za wastani wa mshahara wake wa wiki, pamoja na matibabu. Mjane wa aliyekufa kazini hulipwa nusu ya wastani huo. Walinzi waliorudi Kampala na Jinja na risasi mwilini au akili iliyovurugika, wakaambiwa mkataba umekwisha na hakuna zaidi, wengi hawakuwa wamewahi kusikia jina la sheria hiyo.

Hapa pia kalenda ndiyo hakimu. Kwa kawaida dai hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuumia, au tangu malipo ya mwisho, au tangu mfanyakazi alipotambua kwamba ugonjwa wake ulitokana na kazi. Kwa maradhi ya kazini ni miaka miwili. Aliyekuwa akilipwa na hali yake ikazidi kuwa mbaya anaweza kuomba fidia ibadilishwe, mradi hajapitisha mwaka tangu malipo ya mwisho. Aliyekubali kuimaliza kesi kwa malipo ya mkupuo yaliyoidhinishwa amefunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

Sheria hiyo, hata hivyo, ina kifungu ambacho walinzi wa zamani hawaambiwi. Kama mwajiri alijua mtu ameumia na hakuitaarifu serikali ya Marekani kama anavyotakiwa, ule mwaka mmoja hauanzi kuhesabiwa hadi atakapoitaarifu. Kwa hiyo mlinzi aliyeumia miaka mingi iliyopita, na ambaye mwajiri wake alikaa kimya, huenda bado ana dai. Madai hufunguliwa Idara ya Kazi ya Marekani kwa fomu LS-203, na wafiwa hutumia LS-262. Wakili haruhusiwi kupokea ada kwa mteja hadi iidhinishwe na idara au mahakama. Anayechukua kabla ya hapo anafanya kosa.